Kuunga njia za chembe kwa kompyuta ya kwanta, ukiwa Mtwara

Maji yakipwa Mikindani, nyayo za kaa hupishana mchangani hata usijue ipi ni ya kaa yupi. Vigunduzi vya CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, vina kazi hiyohiyo: chembe zinazochomoka kwenye mgongano huacha vidoa tu katika kila tabaka, na vidoa hivyo lazima viungwe viwe njia. Kompyuta za kwanta za leo hutumiwa kupitia mtandao, ila kazi kubwa utaifanya kwenye laptopu kabla hujagusa kyubiti (biti ya kwanta) hata moja.

Data ni ya TrackML, shindano la kuunga njia za chembe kwa kompyuta, na iko wazi. Usipakue yote, bando litakwisha. Faili la sampuli lina matukio 100, kila moja likiwa na vidoa vya mara moja ya mgongano, na wewe unahitaji moja. Kata kipande chembamba cha pembe kuzunguka mhimili wa miale. Vipande vipandane kidogo kingoni, la sivyo njia za mpakani zitakatika.

Tengeneza seti za vidoa vitatu vya tabaka zinazofuatana. Kila seti ni kigeu: 1 ukiichukua, 0 ukiiacha. Kisha chuja bila huruma. Katika uga wa sumaku wa tesla 2, chembe yenye momentamu ya GeV 1 upande unaokingama na miale hupinda kwa nusukipenyo cha mita 1.67 hivi, seti yenye nusukipenyo kidogo kuliko hicho itupe.

Sasa andika nishati, yaani jumla ya namba ambayo mashine ya kwanta itatafuta iwe ndogo kabisa. Seti mbili zenye vidoa viwili vya pamoja na mpindo unaofanana zipe namba kati ya 0 na -1, kadiri zinavyolingana. Zinazogombania kidoa zipe adhabu, +1 kwa kuanzia. Adhabu ikiwa ndogo, kidoa kimoja kitadaiwa na njia mbili, nawe utaliona kosa mara moja. Ukiipandisha hadi 20, kosa hujificha: mashine hushusha namba zote ziingie kwenye kipimo chake, na tofauti ndogo kati ya njia nzuri na iliyo bora huzama kwenye kelele.

Kwanza jaribu kwenye laptopu: sakinisha dimod na dwave-samplers, vifurushi vya Python. Kwa seti 15, ExactSolver iliyomo kwenye dimod hupitia majibu yote 32,768. Kwa 20 tayari ni zaidi ya milioni. Jibu lake lisipofanana na faili la njia halisi linalokuja na tukio, rekebisha nishati. Kwanta haitakusaidia hapo.

Kisha nenda kwenye kwanta. Mashine ya D-Wave Advantage ina kyubiti zaidi ya 5,000, lakini kila moja imeungwa na 15 tu, hivyo kigeu kimoja hubebwa na mnyororo wa kyubiti kadhaa. Omba majaribio 1,000 ya mikrosekunde 20, kisha tazama chain_break_fraction, yaani sehemu ya minyororo iliyokatika. Minyororo ikikatika mara nyingi, ongeza chain_strength, nguvu ya kuishika minyororo, kidogokidogo. Ukiizidisha, inafanya uharibifu uleule wa adhabu kubwa. Unachotuma ni jedwali dogo, kwa hiyo intaneti ya simu inatosha. Nakili namba ya kazi mara tu unapoituma: umeme ukikatika, majibu utayachukua baadaye kwa namba hiyo.