SOMO: Kupeleka wanafunzi mtoni kupima maji (soma lote kabla hujauliza)

Mwezi huu nimeulizwa suala hili na walimu wanne, kila mmoja kivyake. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nafundisha biolojia Pemba, kidato cha pili, na mtoni tunakwenda masika yakishaisha.

1. Ruhusa: mwalimu mkuu, wazazi, na sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) wa pale ulipo mto. Sheha msimruke.

2. Vifaa: beseni jeupe, chujio la tui lililofungwa kwenye fimbo ndefu, kipimajoto, futikamba, karatasi za pH za maabara (za kupima asidi na alkali), chungwa, simu ya kuhesabu sekunde. Mabuti ya mpira na glovu ndefu kwa wachotaji.

3. Vikundi vya watano watano. Mmoja kazi yake kuandika tu.

4. Mahali pa kuanzia. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza nilivipanga vikundi vyote mtoni kwa wakati mmoja. Kikundi cha juu kikavua viatu kikaingia, tope likateremka, wa chini wakachota tope la wenzao. Tukarudi skuli na jedwali safi kabisa la uchafu tuliouleta wenyewe. Basi: anzeni chini, mpande kuelekea maji yanakotoka, na mchote mbele yenu, si nyuma.

Hilo la tope lilinitia haya tu. Lililoninyima usingizi ni zile nyayo tupu majini, saa saba mchana. Kichocho kipo Unguja na Pemba. Konokono anayebeba vimelea vyake hupenda maji yanayokwenda polepole, yenye majani, na vimelea humtoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, hakuna kidonda wala maumivu ya kukushtua. KWA HIYO: hakuna mwanafunzi anayeingia majini, hata "kidogo tu". Chota ukiwa ukingoni. Nendeni asubuhi, lakini asubuhi haimaanishi salama. Konokono hashikwi kwa mkono mtupu.

5. Kasi ya maji. Pima mita 10 ukingoni, tupa chungwa, hesabu sekunde, rudia mara tatu. Kwa nini chungwa? Sehemu kubwa yake huzama, upepo hauliyumbishi kama jani kavu. Mfano: sekunde 50 ni mita 0.2 kwa sekunde. Mto una upana wa mita 1 na kina cha mita 0.2, zidisha vyote, kisha zidisha kwa 0.85 maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Utapata mita za ujazo 0.034, yaani lita 34, kila sekunde. Wanafunzi wangu walibisha mpaka wakageuza hesabu kuwa ndoo.

6. Wadudu. Pitisha chujio chini ya majani ya ukingoni, mwaga kwenye beseni, subiri watulie. Vijidudu vyenye mikia mitatu myembamba kama uzi, vingi vyao vinataka maji yenye oksijeni nyingi. Ukikuta vijinyoo vyekundu peke yao, jiulize kuna nini juu ya mto. Wekundu wao ni hemoglobini, ndiyo inayowawezesha kuishi hewa ikiwa haba.

7. Rudisheni wadudu. Naweni kwa sabuni na maji mliyotoka nayo skuli.

MASUALA

Kijana wa Wete: Mwalimu, naomba orodha ya vifaa.
— Namba 2.

Kijana wa Wete: Wakimaliza wanaweza kuoga pale pale?
— Umesoma namba 4 au umeangalia namba tu?

Mama Wawili: Samahani mwalimu, wangu aliingia mtoni juzi. Nimpe dawa leo?
— Usiombe samahani, dada. Praziquantel, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, michanga huiponyoka. Mpeleke kituo cha afya uwaambie siku aliyoingia. Watakupangia siku ya kupima mkojo, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Akikojoa damu usisubiri siku hiyo.

Mkaazi wa Makunduchi: Huku kwetu mto hakuna, mawe matupu. Ndiyo tumekosa somo?
— Hamjakosa, pengine lenu ni tamu zaidi. Jiwe lenu ni la matumbawe, lina matundu, na bahari inapita chini kwa chini. Chagueni visima viwili, cha karibu na pwani na cha ndani, mbali na pwani. Pimeni maji yakijaa na yakipwa, na bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) msiikose. Tia matone ya nitrati ya fedha ya maabara kwenye sampuli. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo weupe unavyokoza. Wekeni maji ya mvua pembeni ya kulinganisha.

Mkaazi wa Makunduchi: Ahsante sana! Na karatasi za pH zikiisha?
— Chemsha choya (rozela). Maji yake ni mekundu kwenye asidi, hugeuka kijani kwenye alkali. Jaribu kwanza kwa ndimu na maji ya sabuni.

Bi Mapishi: Choya iliyobaki tieni sukari na tangawizi.
— Ile isiyoingia maabara, Bi.