Mbwa mdogo mwenye mimba: weka DCP pembeni, shika kalenda

Mama mmoja wa Sakina, Arusha, alinipigia simu saa tatu usiku. Kijibwa chake, mchanganyiko wa Chihuahua wa kilo tatu na nusu, kilikuwa kimezaa watoto 5 siku 12 zilizopita. "Daktari," akaniambia (huku kwetu kila afisa mifugo ni daktari), "anatetemeka, anahema kama aliyekimbizwa, miguu imekakamaa, watoto hataki hata kuwaona. Kalishwa sumu?"

Nikamuuliza alikuwa akimpa nini wakati wa mimba. Akanijibu kwa fahari kabisa: kijiko cha DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi wa mifugo) kwenye uji kila asubuhi, kutoka mfuko ule ule wa kuku wake wa mayai, na juu yake vidonge vya kalsiamu vilivyobaki tangu yeye mwenyewe alipokuwa mjamzito. Alitaka maziwa yasije yakapungua.

Haikuwa sumu. Ilikuwa homa ya maziwa, ile ile inayowaangusha ng'ombe wa kisasa wakishazaa, ila ng'ombe hulegea akalala na mbwa hukakamaa, hutetemeka, halafu huingia degedege. Usiku ule ule alipelekwa kwa daktari wa mifugo, akachomwa kalsiamu kwenye mshipa polepole huku mapigo ya moyo yakisikilizwa. Sindano hiyo ikiharakishwa, moyo husimama. Si kazi ya kufanyia barazani.

Watu hushangaa: alipewa kalsiamu nyingi, imekuwaje ikampungukia? Shingoni mwa mbwa kuna tezi ndogo ambazo kazi yake ni kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa pale damu inapoihitaji. Ukimjazia kutoka nje wiki zote 9 za mimba, tezi hizo huzembea. Watoto wakianza kunyonya kwa nguvu, hasa katika wiki 4 za kwanza, maziwa huondoka na kalsiamu kwa kasi ambayo tezi zilizolala haziwezi kuifikia. Mbwa mdogo mwenye watoto wengi ndiye huathirika zaidi. Mfugaji makini wa ng'ombe naye hapendi kumrundikia ng'ombe kalsiamu anapokaribia kuzaa, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo, wakati wa mimba usimwongezee DCP, maganda ya mayai yaliyosagwa wala vidonge, isipokuwa daktari aliyempima ameagiza. Kalsiamu aipate kwenye chakula kamili. Kama uwezo upo, chakula cha dukani cha watoto wa mbwa kinamfaa sana mama mwenye mimba na anayenyonyesha. Kama hakuna, dagaa wakavu wanaoliwa na miba yao, wakichemshwa na ugali laini wa dona, nyama kidogo na yai la kuchemsha, si haba. Waoshe dagaa mara mbili tatu, mchanga wao unajulikana. Maini yasiwe ya kila siku, maana vitamini A ikizidi hudhuru watoto tumboni. Kitunguu na chokoleti asionje.

Kuhusu kiasi: wiki 5 za kwanza mpe kama kawaida. Mbwa aliyenenepa huzaa kwa shida, na kosa la kumlisha "kwa ajili ya wengi" tangu siku ya kwanza nimeliona mara nyingi kuliko mbwa aliyekonda. Kuanzia wiki ya 6 ongeza taratibu hadi robo au nusu zaidi. Tumbo lake ni dogo na watoto wamelijaza, kwa hiyo gawa mara 3 au 4 kwa siku. Akishazaa, mpe anachotaka. Wapo wanaokula mara 3 ya kawaida yao.

Kalenda sasa. Andika tarehe aliyopandwa, na kama alipandwa mara mbili, andika zote. Mimba ni siku 63 hivi, na wengi huzaa kati ya siku ya 58 na ya 68. Ultrasaundi huonyesha mimba kuanzia kama siku ya 28. Eksirei baada ya siku ya 55 huhesabu watoto, na kwa mbwa mdogo ningeilipia hata kwa kukopa. Ukijua ni wanne, hutakaa unamngoja wa tano, wala hutalala ukidhani wamekwisha. Tena ikionekana ni mtoto mmoja tu, ujue mapema kwamba huyo huweza kukua mkubwa kupita njia, na uchungu ukachelewa kuanza. Hatari huzidi kama dume lilikuwa kubwa kuliko jike.

Duka la dawa za mifugo ndipo penye mitego mingine. Dawa ya josho yenye amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe kupe, si ya mbwa mwenye mimba, na Chihuahua hudhurika nayo zaidi. Sindano ya oksitetrasaiklini, inayochomwa kwa kila homa, huharibu mifupa na meno ya watoto tumboni. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, huweza kuitoa mimba. Chanjo zikamilishwe kabla hajapandwa. Minyoo ni tofauti: ile ya mviringo huvuka kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, na huwapata hata watoto wetu wanaocheza kwenye udongo wenye kinyesi. Ipo dawa salama ya fenbendazole ambayo mama huanzishiwa tangu siku ya 40. Mwulize daktari kipimo kwa uzito wake.

Kuanzia siku ya 57 mpime joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Ataacha kula, atachakura matandiko, atahema. Mwache kwenye kona tulivu, katoni pana yenye magazeti na taulo kuukuu, na majirani wasije kutazama.

Mpigie daktari ukiona lolote kati ya haya: anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachotoka, saa 2 zimepita baada ya mtoto na unajua wengine wamo, ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Usimchome sindano ya kuongeza uchungu. Kama mtoto amekwama, sindano hiyo huweza kupasua mji wa mimba. Weka nauli na namba ya daktari tayari, kwa sababu mbwa hawa hupenda kuzaa usiku, na wengi huhitaji upasuaji.

Mtoto akitoka na mama asipopasua ngozi laini iliyomfunika, ipasue wewe, futa pua na mdomo, msugue kwa taulo hadi alie. Hesabu makondo ya nyuma, yalingane na watoto. Halafu joto: mtoto wa gramu 100 hana uwezo wa kutetemeka ajipashe, na wiki ya kwanza kiota kinataka nyuzi 30 hivi. Julai ya Arusha haitoi hiyo. Tumia chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kitambaa, na upande mmoja wa katoni ubaki baridi ili mama ajitenge. Jiko la mkaa chumbani usiweke kabisa, hewa yake huua mbwa na mwenye mbwa.

Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka kwa siku 2 mwekee chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi. Kijibwa cha Sakina kilitengwa na watoto siku nzima, wakapewa maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha wakarudishwa kwa zamu. Wanne walipona. Wa tano, aliyekuwa mdogo tangu mwanzo, alikufa siku ya 15.