Somo: kutia nistatini kwenye bitana laini ya meno ya bandia

Swali hili, nistatini (dawa ya kuua fangasi) inatiwaje kwenye bitana, yaani tabaka laini la ndani ya meno ya bandia, linarudi kila wiki, basi naliweka mara moja. Ni kwa madaktari wa meno na mafundi wa maabara, si kazi ya mgonjwa nyumbani. Nazungumzia bitana ya muda, ile ya unga wa akriliki na maji yake. Silikoni haimo.

1. Kwangua bitana kuukuu yote, uoshe, ukaushe.

2. Pima unga wa bitana.

3. Nistatini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chukua unga safi, gramu 0.032 kwa kila gramu 1 ya unga wa bitana. Gramu 10 zinataka 0.32. Mizani ya dawa, si ncha ya kijiko. Ile dawa ya maji ya watoto USITIE: ina sukari, na sukari ndiyo chakula cha fangasi, maji yake nayo yanaharibu mgando. Vidonge vina ganda na vijazio, chenga zake zinaacha mkwaruzo, na fangasi hupenda mahali pa kujishika. Changanya unga kwa unga, vikavu, mpaka umanjano uenee sawasawa. Ukiona madoa, bado. Maji ya bitana ndiyo ya mwisho.

4. Koroga taratibu usiingize hewa, pakaza, mvishe mgonjwa, afumbe meno polepole. Kaskazi ikipamba moto huganda upesi. Poza kikombe kwanza, ila ufute umande.

5. Badilisha kila wiki, au mapema ikishaanza kuwa ngumu.

MASWALI

Fundi Chake: Vidonge nikivisaga sana je?
— Hatua ya 3.

Fundi Chake: Mimi nakisia kwa jicho na watu wanapona.
— Wanapona, au hawarudi? Dawa ikizidi bitana inadhoofika, ikipungua fangasi hafi. Nunua mizani.

Dokta Mkoani: Samahani mwalimu, kwa nini tusimpe tu mgonjwa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza?
— Swali zuri. Wazee wetu wengi wana dawa nyingine. Anayemeza wafarini, ile ya kuzuia damu isigande, flukonazoli huipa nguvu, damu ikawa haikatiki. Jeli ya mikonazoli, nayo dawa ya fangasi, vilevile, hata ya kupaka mdomoni tu, kwa hiyo usidhani ya kupaka ni salama. Nistatini karibu haiingii kabisa kwenye damu. Na ikiwa ndani ya bitana inakaa pale pale penye utandu wa fangasi, haimezwi na mate kwa dakika mbili.

Bi Wete: Mgonjwa anayaroweka meno yake kwenye jiki.
— Mkataze, inaharibu bitana. Maji baridi na kidole. Usiku ayavue.

Dokta Mkoani: Nistatini iliyobaki naiweka wapi?
— Chupa ya kahawia, kifuniko kikaze, ndani ya friji. Mwanga, joto na unyevu vyote vinaiua. Ukiitoa, iache ubaridi uishe kabla hujafungua.