Hedhi Ikikatika kwa Kujinyima Chakula

Anza na kipimo cha mimba, hata kama una hakika. Kikionyesha huna, jiulize kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango, maana nayo hukata hedhi. Kama si hayo na miezi 3 imepita hujaona siku zako, nenda hospitali wakupime homoni: za tezi ya shingo, prolaktini (ya kutoa maziwa), FSH na LH (ishara za ubongo zinazoamsha ovari, yaani vifuko vya mayai) na estrojeni (homoni ya kike). Mweleze daktari ukweli wote, kwamba unaruka milo, unajitapisha au unakimbia asubuhi na jioni. Usipomwambia atahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Chakula kisipotosheleza kazi ya mwili, ubongo hupunguza ishara zinazoamsha ovari. Yai halipevuki, estrojeni inashuka, mifupa inapoteza madini. Wala si lazima uwe umekonda. Hata mkimbiaji mwenye uzito wa kawaida hupatwa na hali hii.

Kula milo 3 na vitafunio 2 au 3, mchana usikae zaidi ya muda wa saa 4 bila kula kitu. Usianze na mlima wa ugali: tumbo lililozoea kidogo litajaa gesi, na wengi huacha hapo. Ongeza nguvu ndani ya kile unachokula tayari. Uji upikwe kwa maziwa, kisha koroga vijiko 2 vya karanga za kusaga. Maharage yaungwe kwa nazi, na parachichi pembeni. Mchicha na matunda pekee yatakushibisha kabla hujapata nguvu ya kutosha. Mazoezi makali yasimame kwanza.

Aliyekaa siku 5 au zaidi karibu bila kula asijilishe kwa wingi nyumbani. Madini ya fosfeti na potasiamu yanaweza kushuka ghafla kwenye damu, na moyo ukayumba. Huyo aanzie hospitali, pamoja na anayezimia au mwenye mapigo chini ya 50 kwa dakika.

Kosa kubwa ni kumeza vidonge vya majira ili “kuleta damu”. Ukifika kwenye vile vya kahawia, vya mwisho wa pakiti visivyo na homoni, damu itatoka, ndiyo, ila imeletwa na kidonge; ubongo bado umelala na mifupa haijalindwa.

Kama sahani yenyewe inakutia hofu, omba rufaa kwa mwanasaikolojia, na nyumbani awepo mtu wa kukupakulia na kula nawe.

Kurudi kwa hedhi huchukua miezi, mara nyingi zaidi ya 6. Kwanza utaona ukeni ute unaovutika kama ute wa yai bichi. Tahadhari hapo: yai hutangulia damu, kwa hiyo mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi hata moja.