SOMO: Neno "sign", tulitumieje?

Habari zenu ndugu. Neno hili fupi linawasumbua wengi kwa sababu kamusi inawapa "ishara", nao wanaishia hapo. Tulipitie polepole.

Hatua ya 1: Tamka "sain". Ile g haisikiki, ila ukiliongezea mkia inafufuka: "signal", "signature". Sisi tulilichukua kwa sikio, ndiyo maana tunaandika saini.

Hatua ya 2: Kabla ya kutafsiri, jiulize sign hiyo iko wapi. Barabarani ni alama, juu ya mlango wa duka ni kibao. Kwenye hesabu ni alama pia, ya kujumlisha au ya kutoa. Mtu akikuwekea kidole mdomoni unyamaze, hiyo ndiyo ishara.

Mwilini ni dalili, na hapa nawaomba tukae kidogo. Niliwahi kusahihisha kipeperushi cha wajawazito ambamo "danger signs" zimekuwa "ishara za hatari". Mama anayetokwa damu ana dalili za hatari. Ndivyo manesi wanavyomwambia, na ndivyo atakavyoelewa upesi. Tena madaktari kwa Kiingereza hutenganisha: sign ni kile wanachokiona au kukipima wenyewe, kama joto la mwili, na symptom ni kile anachosimulia mgonjwa, kama kizunguzungu. Kwetu vyote ni dalili. Vikikutana katika sentensi moja, fafanua: dalili anazoziona daktari na anazozisikia mgonjwa.

Hatua ya 3: Kitenzi. "Sign here" ni weka saini hapa. Kisha tazama kijineno kinachofuata: sign up, kujiandikisha, sign in, kuingia, au kujaza daftari la wageni getini, sign for, kusaini kwamba umepokea mzigo.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. "Put your sign here" ni sahihi?
Jibu: Marahaba. Hapana, ingawa tunaisikia kila siku maofisini. Saini iliyokwisha kuwekwa ni "signature".

Swali: Na "she signs"?
Jibu: Kama ni kiziwi au mkalimani, maana yake anazungumza kwa lugha ya alama.

Swali: Sisi Kenya tunasema lugha ya ishara. Tumekosea?
Jibu: Hata kidogo. Tanzania wengi husema ya alama, kwenu ya ishara. Na Katiba yenu ya 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mfuate msomaji wako.

Swali: Nimeulizwa "what's your sign?"
Jibu: Anataka nyota yako. Kama ni Mashuke sema "Virgo", kama ni Ng'e, "Scorpio".