Unaishi na mtu wako bila ndoa na unawaza uraia? Anzia hapa

Habari zenu wadau. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma mjini, kibanda changu kipo Mwanga sio mbali na soko, watu wananiita wakili na nimechoka kuwakatalia. Swali ninaloulizwa kuliko yote sio la shamba wala mirathi, ni hili: "Kaka, mimi natokea ng'ambo ya ziwa, nimekaa na mwanaume wa hapa miaka tisa, tumezaa, mahari alitoa kidogo, si nishakuwa Mtanzania?"

Hujawa. Na sikuambii hivyo kukukatisha tamaa, nakuambia ili usipoteze mwaka mwingine ukikusanya makaratasi ambayo hayatakusaidia. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua mlango wako ni upi

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ina milango mitatu tu. Kuzaliwa, kurithi, na tajnisi, yaani mgeni anaomba anapewa. Mlango unaoitwa "naishi na mtu wangu" haupo, hata mkae miaka thelathini. Wewe uliyekuja mkubwa toka Uvira, Kalemie, Rumonge au popote, na huna mzazi Mtanzania, mlango wako ni tajnisi basi, na humo ndani ya tajnisi kuna njia mbili, ya mwanamke aliyeolewa na raia na ya watu wengine wote waliobaki. Asiyefunga ndoa yupo kwenye hao waliobaki, hata kama mtaa mzima unamwita mama fulani.

Hatua ya 2: Ile miaka miwili iweke pembeni

Hapa ndo watu wanapopotelea. Kila mtu Kigoma kasikia kwamba ukikaa na mwanaume miaka miwili wewe ni mke halali. Kasikia nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawa wanawachukulia kama mke na mume, basi mahakama itadhania kuna ndoa. Itadhania. Mwenzako akija na ushahidi kwamba haikuwa hivyo, kwa mfano ana ndoa ya kanisani na mke mwingine Kasulu, hiyo dhana inavunjika. Imewekwa kwa ajili ya mahakama, mnapoachana na kugombania nyumba au matunzo, inafaa sana hapo na nimeona kina mama wakipona kwa kifungu hicho. Ila dirishani Uhamiaji afisa hatakaa kusikiliza majirani wanawaonaje, atauliza cheti cha ndoa, kama hakuna anafunga faili.

Kuna mama mmoja alikuja na mfuko wa rambo mweusi, akaumwaga mezani kwangu. Kadi za kliniki za watoto watatu, barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha ya kipaimara, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari imeandikwa mahari kiasi gani kimetolewa na kiasi gani bado, chini kuna dole gumba tatu za wino wa bluu. Miaka kumi na moja hiyo. Mwanaume alikuwa mvuvi wa Kibirizi na alishafariki miezi minne nyuma. Nilikaa kimya muda kidogo manake nilijua nitakachomwambia, na utakielewa ukisoma hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kama wewe ni mwanamke na mtu wako ni raia, fungeni ndoa, na fungeni akiwa hai

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba tajnisi muda wowote wakati wa uhai wa mume. Soma tena, wakati wa uhai wa mume. Akifa kabla hujaomba, njia hiyo imekufa naye, unarudi kwenye kuhesabu miaka kama mgeni mwingine yeyote. Yule mama wa mfuko mweusi hakuwa na cheti na hakuwa na mume, tukabaki na watoto tu, nao nitawasema huko chini.

Ndoa yenyewe sio ngumu kama mnavyoiogopa. Inaweza kuwa ya kidini, ya kiserikali bomani, au ya kimila. Mnatoa taarifa ya kusudio siku 21 kabla, inabandikwa, mwenye pingamizi aseme. Kwa kuwa mmoja ni mgeni mjiandae kuulizwa uthibitisho toka kwao kwamba hana ndoa nyingine, na bahati yetu Burundi na Kongo zote zina ubalozi mdogo hapahapa mjini, sio mpaka upande treni uende Dar. Kama mlishafunga ya kimila, ni ndoa halali kabisa, kasoro yenu ni usajili, nendeni mkasajili mpate cheti. Ile karatasi ya daftari yenye dole gumba ipeleke kama ushahidi wa mahari, usiipeleke kama cheti.

Na jamani, kufunga ndoa kwenyewe hakukupi uraia siku ileile. Kunakupa haki ya kuomba. Kuna bibi harusi alikuja kwangu Jumatatu bado ana hina mikononi anauliza kitambulisho cha NIDA cha raia atachukua lini, nikamchekea lakini nikamhurumia.

Hatua ya 4: Kama wewe ni mwanaume, au ndoa hamtaki, chukua daftari uhesabu

Mwanaume mgeni aliyeoa dada wa Kitanzania hana ile njia ya kifungu cha 11. Nishabishana na shemeji zangu wengi juu ya hili, wanaona ni uonevu, na mimi binafsi naona wana hoja, ila sheria ndo imeandikwa hivyo. Kwa hiyo wewe mwenye ndoa na yule anayeishi kinyumba, hesabu yenu ni moja:

Miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba, uwe umeishi Tanzania mfululizo. Halafu kwenye miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, uwe umeishi hapa jumla isiyopungua miaka 7.

Mfano unaomba Juni 2025. Kuanzia Juni 2024 hadi Juni 2025 upo hapa muda wote. Halafu unachukua Juni 2014 hadi Juni 2024, unajumlisha vipande vyote ulivyokuwa ndani ya nchi, vifike miaka saba. Mimi nawachorea watu safu mbili kwenye daftari, kuingia na kutoka, tunafungua pasi tunasoma mhuri mmoja mmoja, Manyovu tarehe fulani, bandarini tarehe fulani. Ni kazi ya asubuhi nzima. Kuna kaka alikuwa na miaka yake saba safi kabisa, ila ndani ya ile miezi 12 alivuka kwenda Bujumbura kwenye msiba akakaa wiki tatu. Nilimshauri asubiri aanze kuhesabu upya miezi 12 kuliko kupeleka faili lenye tundu, akanuna, mwishoni akakubali.

Mbali na miaka kuna mengine, ujue Kiswahili au Kiingereza cha kutosha (msiogope, Kiswahili cha Uvira wanakielewa), uwe na tabia njema, uonyeshe unachangia nini nchini iwe uchumi, elimu, utamaduni, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Biashara ya dagaa yenye leseni na risiti za kodi ni mchango, usiidharau.

Hatua ya 5: Rekebisha ukaaji wako kwanza

Miaka unayohesabu inatakiwa iwe na karatasi nyuma yake. Vibali vya ukaazi viko madaraja matatu, A wawekezaji na wafanyabiashara, B waajiriwa, C wengine kama wanafunzi na wamisionari. Mke wa ndoa anaweza kuingia kama mtegemezi kwenye hati za mumewe. Mchumba haingii, hapo cheti cha ndoa kinarudi tena. Watu wa mpakani tunakumbuka Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa wahamiaji haramu, waliokuwa wanaishi na wenza wao bila karatasi hakuna aliyewauliza wamezaa wangapi.

Kwa mkimbizi ni habari nyingine. Kama umeandikishwa kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na unaishi mjini na mtu wako bila kibali cha kutoka kambini, upo kwenye kosa tayari, usiende kuomba kitu kabla hujaongea na mtu anayejua sheria ya wakimbizi. Na usije na mfano wa Ulyankulu kule Tabora. Wale wakimbizi Warundi wa 1972 zaidi ya laki moja na elfu sitini walipewa tajnisi kwa uamuzi maalum wa serikali kwa makazi yale ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Haikuwa kwa sababu waliishi na Watanzania.

Hatua ya 6: Majina, majina, majina

Nilishapeleka faili la mtu, mimi mwenyewe nimelipanga, jina kwenye pasi ni Zaituni na kwenye cheti cha ndoa ni Zaitoni. Herufi moja. Likarudi, tukaanza kutafuta kiapo, tukapoteza miezi. Tangu siku hiyo naweka karatasi zote mezani kwa safu nasoma jina kwa sauti, karatasi baada ya karatasi, jirani wa duka la simu anadhani nasali. Tarehe ya kuzaliwa hivyohivyo.

Na usidanganye umezaliwa Ujiji. Najua kuna watu wanauza hiyo njia. Uraia wa tajnisi uliopatikana kwa uongo unafutwa, na kesi juu yake.

Hatua ya 7: Kupeleka

Fomu unapeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, unalipia kwa kontroo namba na sio kwa mkono wa mtu, unatangaza kusudio lako gazetini mara mbili mfululizo, halafu unahojiwa. Kamati za usalama zinapitia kuanzia chini huko kwenye kata, kwa hiyo ishi vizuri na mtendaji wako. Mwisho inafika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Akikataa halazimiki kusema sababu na hakuna rufaa, ndo maana nakusumbua na herufi. Akikubali unaukana uraia wako wa zamani, sisi uraia pacha kwa mtu mzima hatuna, kwa hiyo fikiria shamba la baba yako kule Kongo kabla hujasaini.

Watoto sasa. Mtoto aliyezaliwa hapa, mzazi mmoja Mtanzania, ni raia, iwe mmefunga ndoa au hamjafunga. Tatizo ni kuthibitisha huyo mzazi ndiye. Kama baba ndo raia, jina lake liingie kwenye cheti cha kuzaliwa akiwepo mwenyewe, mapema. Cheti cha kuzaliwa peke yake sio cheti cha uraia, kinaonyesha umezaliwa wapi na nani tu.

Kwa yule mama tulifanya hivyo. Mmoja kati ya watatu alikuwa na cheti chenye jina la baba, wawili walikuwa na kadi za kliniki tu, tukaenda kwa shangazi wa marehemu, akaapa. Mama mwenyewe tumeanza kumtafutia kibali na daftari lake la kuhesabu ninalo kwenye droo, tupo mwaka wa pili.

Ukija ofisini njoo na mtu wako, msije mmoja mmoja, na pasi ya zamani hata kama imeisha muda usiitupe.