Tumbo likiendesha, usikimbilie antibayotiki

Jamani wenzangu wa Mombasa, kwa joto hili matumbo ya kuendesha ni mengi. Ombi langu: ukifika duka la dawa, usiombe vile vidonge vya rangi mbili, "nipe vinne tu." Mara nyingi kinachoendesha tumbo, hasa la mtoto, ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi kabisa. Inaowaua ni bakteria wako wema. Kwenye utumbo mpana wanaishi kwa matrilioni, idadi inayokaribia ya seli za mwili wenyewe. Hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za mbaazi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wanatengeneza vitamini K, tena wanaziba nafasi vijidudu wabaya wasipate pa kukaa. Ukiwaua bure, kuhara kwaweza kuzidi, na wanaosalia ni wale sugu, wasiosikia dawa.

Kinachookoa ni maji. Nunua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi usizidishe hata kidogo, ni hatari kwa mtoto! Mpe funda moja moja, aendelee kunyonya, na muulize mhudumu wa afya kuhusu dawa ya zinki ya siku 10 hadi 14.

Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au choo kama maji ya mchele, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Huko daktari akiandika antibayotiki, meza kama alivyoagiza.